Tone la maji na tone la limau: namna ya kuchagua kaunta, sahani na chungu cha kupandia

Kaunta ya jikoni huchaguliwa kwa rangi, sahani kwa michoro, na chungu cha mmea kwa umbo. Mimi huanza na matone mawili, moja la maji na moja la limau. La maji linaonyesha kitu kina vitundu kiasi gani ndani yake, na la limau linaonyesha kama kimeumbwa kwa chokaa. Ukishajua hayo mawili, ukaongeza swali la joto, umeshajua sehemu kubwa ya namna kitu hicho kitakavyoharibika.

Omba kipande cha jiwe lile lile utakalonunua, kisichopakwa dawa yoyote. Mwagia kijiko kimoja cha chai cha maji, subiri dakika 15, kisha futa. Jiwe likibaki na doa jeusi la unyevu, limekunywa. Likinywa ndani ya dakika 5, litahitaji dawa ya kuziba vitundu, ile ambayo mafundi huiita sila, tena mara kwa mara. Likikaa saa nzima bila kubadilika, usilipake kitu. Sila isiyo na mahali pa kuingia hukauka juu ya jiwe na kuacha ukungu mweupe ambao watu huusugua miezi bila kujua umetoka wapi. Jiwe likikauka, dondosha limau au siki upande wa pili, subiri dakika 10, osha, kisha litazame kwa mshazari dhidi ya mwanga. Doa lililofifia, lisilong'aa kama sehemu nyingine, ni dalili ya chokaa.

Kipimo hiki kina faida nyingine: hakijali jina lililoandikwa dukani. Baadhi ya mawe yanayouzwa kama granaiti ni marumaru au jamaa zake. Na neno marumaru lenyewe lina utata, kwa kuwa wengi hulitumia kwa vigae vya sakafuni. Hapa nalitumia kwa jiwe la asili.

Marumaru ni kalisi kaboneti, yaani madini ya chokaa, kwa sehemu kubwa. Tindikali ya limau, siki au nyanya inapoigusa, inalila jiwe, hewa ya kaboni inatoka, na ule uso laini uliosuguliwa ukang'aa unapotea mahali hapo. Hili si doa. Doa ni rangi iliyoingia ndani ya jiwe, nayo inaweza kuvutwa itoke. Hapa jiwe lenyewe limeondoka, na dawa yake ni kusuguliwa upya tu. Sila huchelewesha mafuta na rangi kuingia, lakini haizuii tindikali hata kidogo, na kutolijua hilo ndilo kosa linalowagharimu watu kuliko yote ninayoyaona katika kazi hii. Tena marumaru ina ugumu wa 3 tu katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, hivyo kisu kinaikwaruza bila shida. Ukiipenda kweli, chagua ile isiyong'arishwa, kwa sababu alama hazionekani sana juu ya uso usiong'aa, na uiweke pale unapokandia unga, mbali na ubao wa kukatia matunda.

Granaiti halisi haiogopi limau. Madini yake yana ugumu wa 6 hadi 7, kwa hiyo ukikatia moja kwa moja juu yake kitakachoumia ni makali ya kisu. Udhaifu wake ni kunywa, hasa ile ya rangi nyepesi. Kupaka sila si kazi ngumu, ila ina mahali pake pa kukosea. Osha, acha jiwe likauke saa 24, paka tabaka jembamba, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha futa mabaki yote kabla hayajakauka. Rudia kipimo cha tone kila mwaka. Usipake kwa kalenda tu. Jiwe ndilo liseme.

Mafuta yakishaingia, kusugua hakusaidii. Changanya magadi ya kupikia na maji mpaka upate uji mzito, paka unene wa nusu sentimita juu ya doa, funika kwa plastiki saa 24, halafu ondoa plastiki na uache ukauke kabisa. Kukauka ndiko kunakoyavuta mafuta juu, na anayeukwangua uji ukiwa bado mbichi huwa amejinyima faida yake. Doa la zamani linaweza kuhitaji kurudiwa mara mbili au tatu.

Kwatsi ya kiwandani, yaani mchanga wa jiwe uliogandishwa kwa gundi ya plastiki, inafaulu matone yote mawili. Inafeli kwenye joto, kwa kuwa ile gundi haivumilii kikaango kilichotoka motoni, na duara jeupe au la manjano likitokea halifutiki. Jua nalo hubadilisha rangi yake, kwa hiyo si ya jiko la nje. Kuna jambo zito zaidi: ikikatwa kavu, vumbi lake lina silika nyingi, yaani madini ya mchanga, inayoharibu mapafu bila tiba, na ndiyo sababu Australia ilipiga marufuku bidhaa hizi kuanzia Julai 1, 2024. Kama unaichagua, hakikisha inakatwa kwa maji, kiwandani, na fundi amevaa barakoa ya kuchuja vumbi.

Fomaika, lile tabaka gumu la plastiki linalobandikwa juu ya ubao, inadharauliwa bure. Uso wake haunywi na limau haliudhuru. Kinachoiua ni chipubodi iliyo chini yake, yaani ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa, ambayo ikilowa huvimba na hairudi tena. Maji huingilia kwenye tundu la sinki. Kabla sinki haijapachikwa, paka kingo zote zilizokatwa vanishi mara mbili, kisha silikoni. Dakika 20 za kazi hiyo ndizo zinazoamua kama kaunta itadumu.

Mbao hunywa, lakini hukwanguliwa na kupakwa mafuta upya. Iungwe kwa skrubu zilizopitishwa kwenye matundu marefu ili ipate nafasi ya kutanuka, la sivyo itapasuka. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe wala kurundikwa, maana hupata moto vyenyewe. Vitandaze vikauke nje. Terazo na zege laini vina saruji, na saruji ina chokaa, hivyo yale ya marumaru yanavihusu pia.

Kwa kimo cha kaunta, simama, kunja mkono, pima kiwiko mpaka sakafuni, toa sentimita 10 hadi 15.

Kwenye vyombo vya mezani tone la maji linageuka kuwa mzani. Geuza sahani uone ule mduara wa chini usio na glezi, lile tabaka la kioo. Hapo ndipo maji yanapoingilia. Pima sahani kavu, itumbukize kwenye maji saa 24, ifute, pima tena. Sahani ya gramu 600 ikiongezeka gramu 3 au pungufu, ni kauri iliyochomwa mpaka ikashikana. Ikiongezeka 40 au 60, ni udongo wa moto mdogo. Hiyo ya pili hupata moto kuliko chakula kwenye maikrowevu kwa sababu ya maji yaliyojificha ndani, na kadiri udongo unavyovimba kwa unyevu, glezi hupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Sahani yenye nyufa hizo iondoke mezani, kwani uchafu huingia usikofikika.

Limau nalo lina kazi yake. Laza kipande juu ya glezi usiku kucha. Rangi ikibadilika, glezi hiyo inayeyuka ndani ya chakula. Isipobadilika, hiyo bado si hati ya usalama: madini ya risasi hayaonekani, na vyombo vya zamani au vya rangi kali ya machungwa, nyekundu na manjano visipewe vyakula vyenye tindikali bila kupimwa maabara. Mistari ya kijivu juu ya sahani nyeupe, kwa upande mwingine, haipaswi kumtisha mtu. Ni chuma cha uma kilichobaki juu ya glezi, na magadi yaliyoloweshwa huiondoa.

Sasa geuza kila kitu, kwa sababu bustanini sifa mbaya inakuwa nzuri. Udongo uleule wa moto mdogo nisioutaka mezani ndio ninaoutaka kwa rosmari. Kuta zake hunywa maji ya ziada na kuyatoa hewani, na mizizi inayooza kwa urahisi inapona. Mnanaa unataka kinyume chake, chungu chenye glezi kinachotunza unyevu, tena upandwe peke yake kwa kuwa mizizi yake hutambaa na kuwanyang'anya wenzake nafasi. Mrehani unapenda unyevu wa wastani na hauvumilii baridi. Chini ya nyuzi 10 majani yake huanza kuwa meusi.

Chungu kipya cha saruji hutoa chokaa kwenye udongo, na mimea inayotaka udongo wenye tindikali, kama azalea na gardenia, hubadilika majani yakawa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kabla ya kupanda, ziba tundu, kijaze maji, kiache siku nzima, mwaga, rudia mara nne au tano.