Kompyuta ya Macho na Aberometa: Dhana Potofu na Ukweli

Katikati ya Nairobi, maduka mengi ya miwani huweka mabango ya kutangaza upimaji wa macho kwa kompyuta, na wapo wateja wengi wanaotoka humo wakiamini kwamba mashine imeona kila kasoro ya jicho. Imani hiyo si sahihi. Mashine ile unayoiegemezea kidevu na paji la uso, ukatazama picha ya puto au ya nyumba ndogo mwishoni mwa barabara, ni otorifrakta. Inakadiria mambo matatu tu: nguvu ya lenzi inayohitajika kwa asiyeona mbali au karibu, nguvu ya kurekebisha astigmatizimu, yaani jicho kutokunja nuru sawasawa pande zote, na mhimili wake, yaani pembe ambayo lenzi hiyo huwekwa. Kasoro iitwayo koma, inayoweza kuipa taa ya matatu mkia wa mwanga, na kasoro ya tufe, inayoweza kuizungushia duara usiku, hazimo katika karatasi ya majibu ya mashine ile, wala miwani ya kawaida haiziondoi. Hizo hupimwa kwa aberometa, mashine inayopima jinsi jicho linavyopotosha mwelekeo wa miale ya nuru.

Wengine huchukua ramani ya konea kuwa ndiyo kipimo hicho hicho. Ramani huonyesha umbo la konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ilhali aberometa hupima jicho zima, pamoja na lenzi iliyo ndani, ambayo kwa vijana mara nyingi hufuta sehemu ya kasoro ya konea.

Dhana inayonisumbua zaidi, kwa sababu hata wataalamu huiamini, ni kwamba aberometa zote ni sawa, hivyo namba ya kliniki moja inaweza kulinganishwa moja kwa moja na ya nyingine. Aina iliyoenea zaidi hufuata mbinu ya Hartmann na Shack. Hartmann, Mjerumani, alipima lenzi za darubini kwa bamba lenye matundu. Mwaka 1971 Shack na Platt waliweka lenzi ndogo ndogo mahali pa matundu, na kufikia 1994 mbinu hiyo ilikuwa imetumika kwenye jicho la binadamu. Mwali mwembamba huingia hadi kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, nuru hurudi kupitia mboni yote, na kwenye skrini hutokea nukta, moja kwa kila lenzi ndogo, zilizojipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi. Jicho likiwa zuri, safu hunyooka. Jicho lenye keratokonasi, yaani konea iliyochongoka, hupinda safu hizo, na nukta jirani zinaweza kugusana au kupishana hata kompyuta ikashindwa kujua ipi ni ya lenzi ipi. Aina nyingine, aberometa inayofuatilia miale, hutuma mwali mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo haichanganyi nukta namna hiyo. Ndiyo sababu kwa konea iliyoharibika sana ningeanza na hiyo.

Hata mashine mbili za aina moja hazilinganishwi bila kujua kipenyo cha mboni. Kasoro ya tufe hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: mboni ikipanuka kutoka milimita 3 hadi 6, kiasi hicho huongezeka takriban mara 16, na koma takriban mara 8. Ripoti inayotaja mikromita za kasoro bila kutaja milimita za mboni haimsaidii daktari wa pili. Tena aberometa nyingi hutumia nuru ya infraredi, isiyomkera mgonjwa wala kuibana mboni, kisha programu hukokotoa marekebisho ya nuru tunayoiona.

Yapo pia mazoea ya kuamini kipimo cha mara moja. Tabaka la machozi likikatika, nukta huyumba. Mgonjwa apepese macho, atulie, kisha apimwe mara kadhaa. Na kwa mwenye mtoto wa jicho, namba nzuri haimaanishi anaona vizuri, kwa maana aberometa hupima mwelekeo wa miale na haihesabu ipasavyo nuru inayotawanywa na lenzi iliyopata ukungu. Mgonjwa kama huyo akisema anaona moshi mbele yake, aaminiwe, na lenzi yake ichunguzwe kwa taa ya mwanya, yaani darubini yenye mwali mwembamba wa kumulikia jicho.