Gundi haishiki kitabu

Jumamosi iliyopita dada mmoja alikuja karakana na daftari lake la usomaji ndani ya bahasha ya kaki. Bahasha, kwa sababu lilikuwa limeshaacha kuwa daftari. Kurasa thelathini na kitu zilikuwa zimeachana na mgongo, nyingine zimeshikiliwa na banio la karatasi. Alilitengeneza mwenyewe kwa kufuata video, akaandika humo vitabu vyote alivyosoma mwaka mzima. Swali lake ni lile ninaloulizwa kila wiki: "Fundi, nitajie gundi kali kuliko hii."

Sina gundi ya kukutajia, dada yangu. Gundi haishiki kitabu. Kitabu hushikwa na uzi.

Nilimwonyesha ule mgongo. Gundi ilikuwa imekauka na kupasuka kama ukoko wa wali, na ndani ya nyufa ungeweza kuhesabu kurasa mojamoja. Ukurasa wa karatasi ya kawaida una unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na ukikata karatasi mojamoja kisha ukazipaka gundi mgongoni, huo ndio upana wote unaoiachia gundi ikamate. Kila unapofungua daftari unaukunja mgongo. Gundi laini itavutika, gundi ngumu itapasuka, na ukiongeza tabaka la pili mgongo unakuwa mgumu zaidi na unapasuka mapema zaidi.

Karatasi iliyokunjwa na kushonwa katikati ya mkunjo ni habari nyingine. Hapo uzi unapita ndani ya karatasi yenyewe, na ili ukurasa utoke ni lazima karatasi ichanike. Maktaba ya Uingereza ina Injili ya Mtakatifu Cuthbert, kitabu kidogo cha mwanzoni mwa karne ya 8, kilichokutwa ndani ya jeneza la mtakatifu huyo huko Durham, Uingereza, mwaka 1104. Kimeshonwa kwa mshono wa mnyororo, ule wa Wakopti, Wakristo wa Misri, na hadi leo kiko ndani ya jalada lake la kwanza. Huna haja ya kwenda mbali hivyo. Jirani zetu wa Ethiopia wameshona vitabu vya kanisa kwa mnyororo huo huo, vikashikana na mbao za jalada kwa uzi, bila kutegemea gundi ya mgongoni.

Daftari la usomaji linahitaji uzi kuliko daftari lolote jingine. Unaandika huku kitabu unachokisoma kiko wazi pembeni, mkono mmoja umekishikilia. Daftari lisipolala wazi lenyewe, utalikandamiza kwa kiganja, na kule kulikandamiza ndiko kunakouvunja mgongo.

Kushona kwenyewe si kazi kubwa. Mikunjo minane, kila mmoja karatasi nne za A4 zilizokunjwa pamoja, inakupa kurasa 128 za A5. Toboa kwa msharasi matundu sita kwenye mstari wa kunjo: milimita 15, 50, 85, 125, 160 na 195 kutoka juu. Toboa mikunjo yote kwa kipimo kile kile, la sivyo mgongo utapinda. Uzi wa kitani uliopakwa nta, mita mbili na nusu. Ukivuta, vuta kufuata urefu wa mgongo, usivute kuja kwako, maana uzi utachana tundu. Uzi wa nailoni wa fundi viatu ni imara mno kwa kazi hii na hukata karatasi taratibu kama msumeno.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kweli, kwa sababu hata wale wanaoshona vizuri hulikosea, kisha huja kulaumu uzi.

Karatasi ya kiwandani ina mlalo, yaani upande ambao nyuzinyuzi zake zimelalia. Tangu mashine ya Mfaransa Louis-Nicolas Robert ya mwaka 1798, karatasi hutengenezwa juu ya wavu unaokimbia. Rojo la nyuzinyuzi likimwagwa juu yake, nyuzinyuzi nyingi hulala kufuata upande unakokwenda wavu, kama majani yanavyolala ndani ya mkondo wa maji. Zikipata unyevu hunenepa sana lakini hurefuka kidogo tu. Kwa hiyo karatasi haitanuki sawa pande zote: hutanuka kwa upande unaoukata mlalo. Na hukunjika kwa hiari ikifuata mlalo, hugoma ikiukata.

Basi nyuzinyuzi zote za kitabu zilale kutoka juu kwenda chini, sambamba na mgongo. Za kurasa, za bodi ya jalada na za karatasi inayobandikwa ndani ya jalada. Zikilala kukata mgongo, kurasa hurefuka juu na chini unyevu unapoingia, lakini mgongoni zimebanwa na uzi na gundi, hazina pa kwenda. Matokeo yake ni mawimbi. Kurasa zinakuwa na matuta karibu na mshono, na ukiufungua ukurasa unasimama wima badala ya kuangukia upande wake. Dar es Salaam wakati wa masika hilo halisubiri mwezi.

Na hapa ndipo subira inaponiishia: video karibu zote ninazoonyeshwa na wateja huanza na "chukua A4, kunja katikati". Karatasi za A4 za rimu kwa kawaida zina mlalo unaofuata urefu wake, ule wa milimita 297. Ukiikunja upate A5, mgongo unakuwa ule upande wa milimita 210, na nyuzinyuzi zote zinaukata. Umekosea kabla hujashika sindano. Niliwahi kutengeneza madaftari kumi na mawili kwa namna hiyo miaka yangu ya mwanzo, nikayauza, na matatu yalirudi yakiwa na mawimbi. Nilirudisha hela. Wale tisa wengine bado nawafikiria.

Dawa yake ni rahisi. Nunua A3 badala ya A4, halafu ikate katikati. A3 yenye mlalo wa kufuata urefu wake wa milimita 420 itakupa A4 mbili ambazo mlalo wake unafuata upande mfupi. Ukizikunja, nyuzinyuzi zinalala sambamba na mgongo. Lakini usiamini rimu, pima. Pinda karatasi bila kuivunja, upande huu na ule, kisha sikiliza mkono: upande unaogoma zaidi ndio unaoukata mlalo. Kama bado una shaka, irarue. Ukifuata mlalo mpasuko unanyooka, ukiukata unakwenda hovyo. Bodi ya jalada nayo ipime hivyo hivyo. Fundi akikuambia haina maana kwa sababu bodi ni nene, mwambie bodi nene ndiyo inayopinda kwa nguvu zaidi.

Jalada ni suala la ladha, nami napenda kanga. Ni nyembamba, gundi huivuka na kuacha madoa, hivyo ibandike kwanza kwenye karatasi laini kwa uji wa ngano, uiache ikauke usiku kucha. Pindo lizunguke kingo, na jina la kanga likae mbele likisomeka. Bodi za milimita 2, urefu 216, ili zizidi kurasa milimita 3 juu na 3 chini.

Kuhusu kipi kitumike wapi, uji au gundi nyeupe, sijapata amani. Mgongoni napaka uji kidogo tu, kwa sababu maji huulegeza na fundi wa kesho ataweza kukifungua kitabu bila kukiumiza. Lakini uji ni unga, na mende na ukungu wa masika wanaupenda. Gundi nyeupe hawaigusi, ila ikishakauka ndani ya karatasi haikuachii njia ya kurudi. Vitabu vya ufundi huandika kana kwamba jambo hili liliamuliwa zamani. Mimi kila masika hulifikiria upya.

Mpangilio wa ndani: acha kurasa za mwanzo kwa yaliyomo, andika namba za kurasa kwa mkono, na kila kitabu kianze na kurasa mbili zinazotazamana. Acha milimita 20 upande wa mshono, hapo kalamu hupata tabu. Usichapishe visanduku vya nyota wala "muhtasari wa hadithi". Kitabu kimoja kitakupa mistari miwili, kingine kitataka kurasa nne. Nyuma kabisa weka orodha ya vitabu ulivyoazimisha, na tarehe.

Daftari la yule dada lilichukua jioni mbili. Kurasa zake zilikuwa mojamoja, kwa hiyo niliziunga mbilimbili kwa utepe wa karatasi nyembamba ili zipate kunjo, ndipo nikashona. Alipokuja alilifungua katikati, akaliweka mezani, akaondoa mikono yake yote miwili na kusubiri. Lilibaki wazi. Kisha akatoa kwenye mkoba karatasi ya A3, akairarua pembeni taratibu, akautazama ule mpasuko.

"Fundi, huku umenyooka."