Nguvu ya bawa la povu haitoki kwenye povu

Miongoni mwa wanaounda ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti, wa Arusha wakiwemo, ipo imani ya siku nyingi kwamba bawa lenye kiini cha povu (plastiki nyepesi iliyojaa viputo vya hewa) hupata nguvu kutokana na povu lenyewe, na hivyo povu zito zaidi hutoa bawa imara zaidi. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa povu ndilo linalojaza karibu bawa zima.

Hata hivyo, ndege inapokuwa angani bawa hupinda kuelekea juu, upande wa juu ukibanwa na wa chini ukivutwa, na nguvu hizo hubebwa hasa na gamba la nje, liwe la balsa (mbao nyepesi sana) au la faibaglasi (kitambaa cha nyuzi za kioo) yenye epoksi (gundi inayokauka na kuwa ngumu), pamoja na mhimili, yaani ufito mrefu unaopita ndani ya bawa, iwapo upo. Kazi ya povu, ambayo si ndogo, ni kulipa bawa umbo na kuyashikilia magamba mawili, la juu na la chini, yasikaribiane, yasiteleze wala kujikunja.

Msomaji anaweza kujihakikishia. Akate vipande viwili vinavyolingana vya povu jeupe linalofungashiwa runinga, kimoja akibandike karatasi ngumu pande zote mbili kwa gundi ya maji (gundi zenye petroli au asetoni huyeyusha povu hilo), na ikishakauka aviegemeze juu ya vitabu viwili na kuweka uzito uleule katikati. Chenye karatasi hakitapinda sana kama kile kisicho nayo.

Jambo hili ni muhimu hasa Arusha, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani na uzito wa ziada, kama ule wa povu zito, huilazimisha ndege kutua kwa kasi kubwa zaidi.