Kushinda kutwa ulingoni: saa sita mchana si saa ya kushuka

Wawindaji wengi wa kulungu hupanda ulingoni (jukwaa dogo la juu ya mti) alfajiri, hushuka saa nne kwenda kula, kisha hurudi alasiri. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku niliposhuka saa tano na nusu. Nilipokanyaga chini tu, dume akapuliza pua kwa nguvu kichakani, hatua thelathini hivi. Nilichoambulia ni mkia mweupe ukiyoyoma.

Ni kweli kulungu hutembea zaidi alfajiri na magharibi. Lakini ni mnyama wa kucheua: akishapumzika huinuka kula kidogo karibu na maficho yake, hata jua likiwa utosini. Na msimu wa kupandana, ambao kwa kulungu wa mkia mweupe wa kaskazini mwa Marekani hukolea mwezi Novemba, dume hajali saa. Huzurura mchana kutwa akinusa majike. Nje ya msimu huo sishindi kutwa mtini. Naona ni kujitesa bure.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni hewa. Asubuhi jua likipasha mteremko joto, hewa hupanda na harufu yangu pamoja nayo. Jioni ardhi ikipoa, hewa hushuka, na harufu hutiririka bondeni kama maji. Basi mti unaonificha asubuhi waweza kuniumbua jioni. Anayetaka kushinda kutwa achague mti ambao pande zote mbili harufu inaishia pasipopitwa na kulungu, kwa mfano kwenye genge au mto mpana. Mimi hupuliza poda kidogo kila baada ya muda kuona inaelekea wapi.

Nguo nzito nazibeba mgongoni, sizivai njiani. Jasho likipoa juu ya mti, hutamaliza hata saa mbili. Chakula nakitoa kwenye karatasi zinazochakarisha kabla sijaondoka nyumbani. Chupa ya mkojo iwe na mdomo mpana (cheka, utanikumbuka). Nasimama kila saa, polepole, mgongo ukiwa kwenye shina, kwani jicho la kulungu ni dhaifu kwa rangi nyekundu lakini halikosi kitu kinachosogea.

Hatari ni saa nane, usingizi unapokuja. Mkanda wa usalama naufunga kabla mguu haujaacha ardhi, na kamba yake naiweka fupi. Nina pia kitanzi cha kukanyagia: ukianguka ukaning'inia kwenye mkanda muda mrefu bila kusogeza miguu, damu hukwama miguuni na waweza kuzimia, hata kufa. Bunduki naivuta juu kwa kamba baada ya kukaa, ikiwa tupu.

Giza likiingia huku kulungu wangali chini yangu, sishuki. Nasubiri wapite, hata nusu saa na zaidi, maana nikiwashtua leo, kesho watauzunguka mti huu kwa mbali.