Fentanili haipenyi glavu: mguse mgonjwa

Malalamiko yameturudia tena: wahudumu wanasimama mlangoni, mgonjwa kazidisha dawa, wanasubiri "watu wa kemikali" kwa kuogopa kugusa fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni. Kitengo chetu cha mafunzo ya dharura hapa Marekani kinatoa ufafanuzi, hasa kwa ndugu zetu wa Kiswahili walio kwenye magari ya wagonjwa, ulinzi na makazi ya wasio na makao.

Zile video za askari wanaoanguka kwa kugusa unga, naomba tuziache. Mwaka 2017 jumuiya mbili za wataalamu wa sumu zilipiga hesabu: hata kwenye hewa yenye fentanili nyingi kupita zote iliyowahi kupimwa viwandani, asiyevaa barakoa angehitaji dakika 200 kufikisha mikrogramu 100, dozi ya kawaida ya tiba. Plasta ya fentanili imetengenezwa makusudi ipenye ngozi, na bado huchukua saa nyingi kufika kileleni.

Mwanafunzi wangu mmoja aliona unga kwenye kiti cha nyuma akakaa chini barabarani. Anahema mbio, mapigo 130, vidole vinafa ganzi, mboni pana. Hiyo ni hofu, jamani. Mtu wa fentanili hahemi mbio: anakoroma kama ana maji kooni, midomo imegeuka samawati, mboni kama tundu la sindano.

Vaa glavu za naitrili. Usipeperushe unga, ukiruka hewani, vaa barakoa ya N95. Ukikugusa, nawa kwa sabuni na maji mengi, si kitakasa mikono chenye alkoholi.

Mpulizie mgonjwa pumzi kwanza: moja kila sekunde 6. Kisha naloksoni ya pua, dawa inayozima nguvu ya fentanili na inayouzwa bila cheti cha daktari tangu 2023: puliza tundu moja. Asipopumua ndani ya dakika 2 au 3, nyingine tundu la pili. Nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na fentanili inaweza kumrudia. Akizinduka atakuwa na arosto, atakasirika, atadai viatu vyake. Mbembeleze abaki, na uendelee kuhesabu pumzi zake.