Lebo Mguuni mwa Ndege: Kazi ya Makumbusho Ambayo Wageni Hawaioni

Karibu kila kundi la wanafunzi linalozuru Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi husimama kwa Ahmed, ndovu wa Marsabit. Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi maalumu kwa amri yake mwaka 1970, na akalindwa dhidi ya majangili hadi alipokufa kifo cha kawaida mwaka 1974, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 55. Wanafunzi wengi huuliza uzito wa pembe zake. Wachache huuliza swali ninalolipenda zaidi: umri wa ndovu wa porini hujulikanaje, ilhali hakuna aliyeandika siku aliyozaliwa? Jibu limo kinywani. Ndovu hupata seti sita za magego maishani mwake, moja ikisukumwa na nyingine kutoka nyuma, na mtaalamu akitazama ni seti ya ngapi inayotumika na imelika kiasi gani, huweza kukadiria umri hata kama imebaki mifupa mitupu.

Makumbusho ya elimu viumbe huhifadhi vitu ili viendelee kuulizwa maswali ya namna hiyo, na kuvionyesha ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Vielelezo vingi havijawahi kuwekwa ukumbini wala havitawekwa. Vimo kwenye droo nyuma ya milango ambayo mgeni haifungui.

Tuchukue mfano wa chozi, yule ndege mdogo sana, aliyegonga kioo cha dirisha akafa, akaletwa kwetu makumbusho kabla ya kuoza. Kwanza hupimwa uzito, kwa kuwa ndege huyo ana gramu chache tu na hukauka upesi. Rangi ya macho huandikwa papo hapo, maana manyoya yakitunzwa gizani huweza kukaa na rangi yake zaidi ya karne moja, lakini jicho hupoteza rangi muda mfupi baada ya kifo. Kisha tumbo hupasuliwa kwa kisu chembamba na ngozi huvuliwa taratibu pamoja na manyoya yake, mithili ya soksi, huku fundi akinyunyizia unga wa mahindi unyonye majimaji ili manyoya yasigande. Nyama na ubongo vikishatolewa, hujazwa pamba, ngozi ikashonwa, na ndege akalazwa chali huku mabawa yamekunjwa. Mwisho hufungwa lebo miguuni: kipande cha karatasi ngumu kisichozidi urefu wa kidole, kinachotaja mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, uzito, jinsia kama ilivyoonekana kwenye korodani au ovari, na jina la aliyemkusanya. Huandikwa kwa penseli au kwa wino usiofutika kwa maji. Kalamu ya kawaida ya ofisini haifai hata kidogo.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya ndege na lebo yake, nitasita sana. Ndege asiye na lebo ni pambo la mezani.

Thamani ya maandishi hayo ilidhihirika Uingereza katika miaka ya 1960, pale mtafiti wa ndege Derek Ratcliffe alipotafuta sababu ya mayai ya kozi, ndege mwindaji, kuvunjika viotani. Alipima maganda ya mayai yaliyokusanywa kwa miongo mingi, na mwaka 1967 akachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maganda yalipungua unene ghafla kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, dawa za kuua wadudu kama DDT zilipoanza kuenea mashambani. Wakusanyaji wengi wa zamani walichukua mayai hayo kwa kupenda uzuri wake tu, mchezo ambao siku hizi ni kosa la jinai nchini humo. Hata hivyo walikuwa wameandika tarehe na mahali, na hayo ndiyo yaliyompa Ratcliffe ushahidi.

Kwetu mfano mkubwa ni wa mwaka 1984, ambapo Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mifupa ya kale, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji uliofuata ulitoa sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana wa Homo erectus, jamii ya binadamu wa kale, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa hiyo ina namba KNM-WT 15000: herufi tatu za mwanzo hutaja makumbusho, na mbili zinazofuata hutaja upande wa magharibi wa Turkana. Umri wake ulipatikana kutokana na tabaka za ardhi na majivu ya volkano ya eneo hilo. Kama mfupa ule ungetiwa mfukoni bila kuandikwa ulikotoka, tungejua kuwa ni wa kale bila kujua ni wa kale kiasi gani.



Kwa umma, shughuli ninayoihusudu ni matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege, ambayo Bi Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971. Mtu huja na darubini au bila darubini, na ndege waliotambuliwa huandikwa. Kwa shule, ningewashauri walimu wasiharakishe watoto ukumbi baada ya ukumbi. Wape kila mmoja jani na karatasi, aandike lebo. Wengi huandika mahali kuwa "shuleni". Waulizwe: shule ipi, upande upi wa uwanja, chini ya mti gani?

Ukikuta mfupa uliogeuka jiwe shambani au kwenye korongo, usiuchimbue. Upige picha ukiwa umeweka sarafu kando yake, hifadhi mahali hapo kwenye simu, kisha utoe taarifa, kwani Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahitaji ugunduzi wa aina hiyo uripotiwe. Wapo wanaouosha na kuusugua ung'ae kabla ya kuuleta, kwa nia njema kabisa. Udongo ule walioumwaga ndio ambao tungeanza kuuchunguza.