Kwa nini muuzaji wa moja kwa moja hakubaliwi kupanga bidhaa zake dukani?

Katika saluni moja ya Wandegeya, jijini Kampala, ambako huwa nakaa kumsubiri binti yangu asukwe nywele, mwenye saluni anauza pia mafuta ya ngozi na dawa ya meno ya kampuni moja ya kigeni. Makopo hayo hayaonekani kwenye dirisha linalotazama barabara. Yamo katika kabati dogo nyuma ya sinki la kuoshea nywele, na hutolewa pale tu mteja anapouliza, au anapokaa kitini akiwa na viwiko vilivyopauka. Nilipomwuliza kwa nini anaficha mali ambayo ingejiuza yenyewe, alinijibu kwamba mkataba haumruhusu kuiweka mbele, na kwamba mwenzake aliyeipanga katika duka la shemeji yake huko Kikuubo, eneo la maduka ya jumla, aliandikiwa barua ya onyo. Je, kampuni inayotaka kuuza inafaidika nini kwa kumzuia muuzaji wake asiuze penye watu wengi?

Katika biashara ya moja kwa moja, kampuni humpa bidhaa mtu binafsi ambaye si mwajiriwa wake, naye huwauzia watu anaowafikia mwenyewe: majirani, wenzake wa kazini, waumini baada ya ibada. Ndivyo Avon ilivyoanza mjini New York mwaka 1886, na mtindo huohuo uliigwa hapa Uganda kuanzia mwaka 2007 na shirika la Living Goods, ambalo wahudumu wake wa afya hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na dawa za maradhi ya watoto. Katika kampuni nyingi za kibiashara za aina hii, mkataba hukataza maduka ya rejareja, maduka makubwa na vibanda vya kudumu vya sokoni. Kinachoruhusiwa mara nyingi ni meza ya siku chache katika maonyesho, mfano wa yale ya Lugogo, pamoja na mahali pa huduma kama saluni, ambako mteja hakuja kununua kopo na muuzaji yupo palepale kumweleza.

Sababu kubwa ni bei. Tuchukue mfano wa kopo ambalo msambazaji, yaani muuzaji huyo, hulipata kwa shilingi 60,000, na kampuni ikapendekeza liuzwe kwa 80,000. Anayelibeba mkobani hutoa katika ile 20,000 nauli ya taksi, mafuta aliyompaka mteja mkononi ili ayajaribu, na safari ya pili ya kufuata deni, kwa kuwa wateja wetu wengi hulipa mwisho wa mwezi. Mwenye duka hana gharama hizo, hivyo akiuza makopo mia kwa 65,000 kila moja ameridhika kabisa. Basi mama aliyeelezwa kwa saa nzima sebuleni kwake Ntinda atashukuru, atasema atafikiria, kisha atateremka Kikuubo kununua kwa bei ya chini, na aliyefanya kazi ya kueleza atabaki na kopo la majaribio lililokwisha. Haitapita miezi mingi kabla wabeba mikoba hawajaacha kazi, na duka nalo litakosa wateja, kwa sababu waliokuwa wakiletwa pale na maneno ya wengine hawaletwi tena.

Kampuni zenyewe husema kanuni hii inalinda usawa kati ya wasambazaji, na kwa mfano huo ni kweli. Kwa maoni yangu, hata hivyo, inalinda pia mlango wa kuingilia: nani atajiunga ili auze kitu ambacho jirani zake wanakiona dukani kwa bei iliyo karibu na ile anayonunulia yeye?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kampuni isiwalazimishe wote kuuza kwa bei moja, ikaachana na habari ya mahali. Nchini Marekani swali hilo lilifika mbele ya Tume ya Shirikisho ya Biashara katika shauri la Amway, kampuni ya uuzaji wa moja kwa moja, lililoamuliwa mwaka 1979. Tume iliikataza kampuni kuwapangia wasambazaji bei ya kuuzia, lakini haikuona kosa katika kanuni ya kutouza madukani. Hapo ndipo jambo lenyewe linapoeleweka, kwa maana asiyeweza kuishika bei hushika mahali, na mahali humfanyia sehemu kubwa ya kazi ambayo bei ingeifanya.

Zipo pia bidhaa zisizojieleza. Vyombo vya plastiki vya Tupperware viliwahi kukaa kwenye rafu za maduka ya Marekani bila kununuliwa sana, kwa kuwa wanunuzi hawakujua jinsi ya kubonyeza kifuniko hadi hewa itoke. Vilipoonyeshwa katika mikusanyiko ya nyumbani, mtindo uliostawishwa na muuzaji wake Brownie Wise, vilichangamkiwa mno hata mwaka 1951 kampuni ikaviondoa madukani. Ilikuja kurudi kwenye rafu za maduka ya Target mwaka 2022, ikiwa tayari imedhoofika.

Mpaka kati ya duka na mahali pasipo duka una vituko vyake. Kampuni ya bidhaa za lishe ya Herbalife, kwa mfano, iliwaruhusu wasambazaji wake kuendesha vilabu vya lishe, lakini kwa miaka mingi ilitaka mpita njia asiweze kuona ndani, kwa hiyo madirisha yakafunikwa kana kwamba ndani kuna jambo la siri, kumbe ni watu wanakunywa vinywaji vya lishe. Nchini China mambo yalipinduka: serikali ilipopiga marufuku uuzaji wa moja kwa moja mwaka 1998, Amway ilibaki kwa kufungua maduka, yaani kwa kufanya kile ambacho mikataba yake kwingineko ilikikataza.

Kwa msomaji wa Uganda kuna kanuni nyingine isiyotokana na kampuni. Mkataba wa usambazaji si leseni, na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1969 inawagusa hata wachuuzi wasio na duka. Anayetandaza makopo yake kando ya barabara ya Kampala atakutana na askari wa halmashauri ya jiji, KCCA, ambayo Januari 2022 iliwaondoa wachuuzi barabarani, na barua ya kampuni haitamsaidia kitu. Bidhaa ikiwa ni dawa, au ikinadiwa kama tiba, linaingia suala la Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa.

Siku hizi rafu inayosumbua zaidi imo ndani ya simu. Nchini India, Amway na wenzake waliishtaki Amazon, duka la mtandaoni, kwa kuruhusu bidhaa zao ziuzwe huko bila idhini. Walishinda mwaka 2019, kisha Januari 2020 jopo la majaji wa Mahakama Kuu ya Delhi likaitengua amri hiyo, likiona kwamba masharti ya mkataba hayamfungi mtu ambaye hakuuingia. Msambazaji mwenyewe, aliyetia sahihi, hana nafasi hiyo ya kuponyokea. Ndiyo maana mwenye saluni wa Wandegeya huweka picha ya kopo kwenye WhatsApp yake bila kuandika bei, na anayetaka kuijua humwandikia pembeni.